Bustani ya mvua shuleni: jinsi ya kuitengeneza na watu wa mtaani bila kuchimba mara mbili kama sisi

Kama una mtoto anasoma shule ya msingi hapa Dar hii picha unaijua. Mvua ya masika inapiga nusu saa tu, bati halina gata, maji yanashuka mstari mmoja chini ya paa mpaka yamejichimbia kamtaro kao, msingi wa darasa uko nje unaonekana, uwanja umekuwa bwawa na watoto wanaruka tofali kwa tofali kwenda chooni. Siku tatu mbele jua limewaka, pale pale palipokuwa na bwawa pana vumbi na hakuna hata jani. Yaani maji yamekuja, yameharibu, yameondoka, na shule inaendelea kulipia bili ya maji ya kumwagilia maua ya mbele ya ofisi.

Mi niko kwenye kamati ya shule moja huku upande wa Temeke na hii bustani ya mvua tumeitengeneza mara mbili. Ya kwanza ilikufa. Ya pili ipo mpaka leo, kwa hiyo mengi nayoandika hapa nimeyajua kwa kuumia. Na kama utasoma kitu kimoja tu af uache basi soma hiki: usiite watu wachimbe kabla hujayajua maji ya shule yako. Watu kuja sio shida, watu wa mtaani ukiwaita vizuri wanakuja. Shida ni kuwaita mapema, wakachimba kwa moyo wote sehemu ambayo siyo, af kuwarudisha mara ya pili ndo utaijua kazi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Bustani ya mvua ni eneo limechimbwa pana na kina kifupi, fikiria sinia sio sufuria, maji ya kwenye paa yanaelekezwa yaingie humo, yanatulia masaa kadhaa huku yanazama ardhini, na humo ndani umepanda mimea yenye mizizi inayoshika udongo na kuufungua. Sio bwawa. Bwawa linatunza maji, hii inayamaliza. Hiyo tofauti iweke kichwani sababu kila mzazi atakayekuja atakuuliza kuhusu mbu, ntarudi hapo. Wazo lenyewe kwa jina hili lilianzia Marekani, kaunti ya Prince George's kule Maryland mwaka 1990, mjenzi mmoja wa nyumba alitaka kila nyumba iwe na kijibustani cha kumeza maji yake badala ya kuchimba bwawa moja kubwa la mtaa mzima. Ila ukweli bibi zetu waliokuwa wanapanda mgomba pale yanapomwagika maji ya kuogea walikuwa wanafanya jambo hilo hilo, tofauti ni kwamba hakuna aliyeliita mradi.

Simama kwenye mvua

Hatua ya kwanza haina jembe. Chukua mwamvuli na gambuti, nenda shule siku inanyesha kweli kweli, uangalie. Maji ya paa lipi yanakwenda wapi, yanapita wapi kwa kasi, yanatulia wapi, yanatokea wapi nje ya fensi. Piga video kwa simu. Sisi tuliwapa kazi hii watoto wa klabu ya mazingira, walichora ramani ya shule kwenye karatasi la manila na kuweka mishale ya bluu, na ile ramani ilikuwa nzuri kuliko maneno yote tuliyoongea kwenye kikao, sababu mwalimu aliyekuwa anapinga aliona mishale mitano yote inaelekea darasa lake. Kama shule haina klabu, ziko zile za Roots & Shoots ambazo Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alizianzisha hapa hapa Dar mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, mwalimu yeyote mwenye moyo anaweza kuanzisha.

Sasa sikia kosa letu la kwanza. Tuliona sehemu ambayo kila mvua maji yanatulia, pembeni ya ukuta wa chini kabisa wa shule, tukasema hapo hapo ndo penyewe, maji yamejichagulia. Kumbe maji yakitulia sehemu siku tatu maana yake ardhi ya hapo hainywi! Miaka yote tope laini la uwanja mzima lilikuwa linaletwa pale na kuziba matundu ya udongo, juu yake watoto wanakanyaga kila siku, pamekuwa pagumu kama sakafu. Bustani inatakiwa ikae kabla ya hapo, maji yakiwa bado njiani, sehemu yenye mtelemko mdogo na udongo unaonyonya.

Sehemu za kukimbia ni hizi. Usikae karibu na ukuta wa darasa, acha mita 3 au zaidi ili maji yasiende kulainisha msingi. Kaa mbali na karo na shimo la choo, mbali na kisima kama mna kisima, na usichimbe chini ya mwembe mkubwa maana utakata mizizi na mwembe utakuja kukulipa siku ya upepo. Uliza bomba la maji limepita wapi na kama kuna waya wa umeme chini, muulize mlinzi au fundi wa zamani wa shule maana michoro mara nyingi haipo. Na usiguse sehemu ya mstarini wala goli la mpira, hapo utagombana na shule nzima. Kama shule yenu iko bondeni, tuseme kule karibu na mto Msimbazi, chimba kwanza shimo la futi mbili kipindi cha masika, ukikuta maji yanachipuka chini yenyewe basi achana na mpango, ardhi imeshajaa haina pa kuyapeleka ya kwako.

Shimo la kupima

Hiki kipimo ni bure na kinachukua siku moja. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30, upana kama wa ndoo ndogo, pale unapotaka kuweka bustani. Kijaze maji, yaache yaishe. Kijaze tena mara ya pili, sasa hii ndo unayopima, simamisha rula ya mtoto kwenye ukingo na angalia yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Mara ya kwanza haihesabiki kwa sababu udongo mkavu unakunywa kwa pupa kama mtu anayefuturu.

Yakishuka sentimita 2 na nusu kwa saa au zaidi uko vizuri sana. Sentimita moja kwa saa bado inafaa, kina cha sentimita 15 kitaisha ndani ya masaa 15. Ukirudi kesho yake maji bado yapo basi hapo ni mfinyanzi au pameshindiliwa, ama uhame ama ujiandae kuchimba futi mbili kwenda chini, utoe ule udongo na kurudishia mchanganyiko, ndoo 3 za mchanga kwa ndoo 1 ya mboji na ndoo 1 ya udongo wa juu. Inawezekana ila ni jasho. Huku kwetu ardhi ya pili ilikuwa mchanga mtupu, maji yaliisha dakika 20, watu wakashangilia, mi nikaanza kuwaza upande wa pili kwamba mimea itaishije Januari kwenye mchanga huo. Dawa ya mchanga ni mboji nyingi.

Hesabu, na hapa waite darasa la sita

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hiyo tu ndo hesabu yote, nyingine ni kuzidisha. Paa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 kwa kipimo cha chini, sio kufuata mlalo wa bati, lakini lina migongo miwili kwa hiyo maji ya upande wetu ni nusu, mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Dar ni mvua ya kawaida tu ya Aprili, inaleta lita 1,600. Waambie watoto ni ndoo 80 za lita 20, wataguna, na ukiwauliza nani anazibeba darasa litachangamka.

Ukubwa wa bustani kwenye ardhi ya mchanga chukua kama asilimia 10 mpaka 20 ya eneo la paa. Sisi tulikwenda na mita 12 za mraba, urefu mita 6 na upana mita 2, kina cha maji sentimita 15. Zidisha, unapata nafasi ya lita 1,800. Kingo zikilala kidogo inapungua lakini mchanga nao unakunywa huku maji yakiendelea kuingia kwa hiyo inatosha. Ardhi yenu ikiwa nzito ongeza eneo, usiongeze kina. Watu wanapenda kuongeza kina, mtu akishika sururu anataka aonekane, utasikia “hapa tuweke mita moja kabisa”. Mita moja shuleni ni shimo la kumzamisha mtoto wa darasa la kwanza. Sentimita 15, ikizidi sana 20, basi.

Urefu upande upi? Weka ule mrefu uukatize mtelemko, yaani maji yakutane na upande mpana, sio yaingie kama kwenye mfereji na kutoka.

Kuita watu

Anza na mwalimu mkuu na kamati ya shule, wakikubali iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, af barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usiruke mwenyekiti hata kama kazi iko ndani ya fensi. Siku maji yakienda kwa jirani yeye ndo ataitwa, na akiwa anajua toka mwanzo atakuwa upande wenu. Na yeye ndo mwenye wajumbe wa mtaa, tangazo lake linafika nyumba ambazo grupu lenu la wasap halifiki.

Siku nzuri ya kazi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana ni siku ya usafi na watu wameshazoea kuwa kuna kazi ya jumuiya asubuhi, maduka mengi yamefungwa, huwaombi siku mpya. Upareni wanaita msaragambo, Kenya wangesema harambee, Rwanda wana umuganda wao Jumamosi hiyo hiyo. Sisi tulipata vijana wa jogging, ukweli hawa watu wa jogging clubs za huku Temeke na Mbagala ni jeshi, wanakuja wamevaa sare wanaimba, saa mbili asubuhi washachimba. Kijiwe cha bodaboda nje ya geti walitoa watu wanne na kubeba miche. Kina mama wa kikoba walisimamia uji na maandazi. Usisahau wazazi wenye ufundi, kwetu kulikuwa na fundi bomba ambaye mtoto wake yuko la tatu, yeye peke yake alitufanyia kazi ya gata ambayo tungelipa.

Ntasema jambo la hela hapa. Usimlipe mmoja ukamwacha mwingine. Ama wote wanajitolea na wote wanakula pamoja, ama fundi analipwa kwa kazi ya ufundi na inatangazwa kabla watu wote wakiwepo. Mara ya kwanza kuna vijana wawili walipewa “ya soda” pembeni, habari ikasambaa kabla hata ya saa sita, na wale wengine wote hawakurudi. Michango iandikwe kwenye daftari na daftari lipigwe picha liwekwe kwenye grupu.

Idadi: kwa bustani ya mita 12 watu 25 wanatosha kabisa. Wakija 60 nusu watasimama wanapiga stori wakikuona wewe huna mpango. Kama unategemea wengi basi andaa kazi nyingine, kusafisha mitaro, kupaka chokaa, kuokota makopo.

Wakati gani wa mwaka

Chimba mwezi wa nane au wa tisa, ardhi kavu, halafu panda vuli zikianza mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja. Mimea inapata mvua ndogo ndogo za kushika mizizi mpaka masika inaanza Machi washakuwa na nguvu. Sisi mara ya kwanza tulichimba Aprili katikati ya masika, sababu ndo kipindi ambacho watu wana hasira na maji, si unaelewa, hasira ndo inaleta watu. Siku ya tatu ikapiga mvua, miche ikaondoka, tuta likakatika na maji yote pamoja na tope letu yakaingia uani kwa mama mmoja jirani ambaye alikuwa ameanika mchele wake wa kutengenezea vitumbua. Alikuja shule kashika sinia. Sitaki kukumbuka.

Siku yenyewe

Vifaa omba watu waje navyo: majembe, sururu mbili tatu, machepe, reki, toroli tatu, ndoo, panga, kamba na vigingi, futi kamba. Mpira wa maji ule wanaotumia mafundi kupimia levo ni wa lazima, ntakuambia kwa nini. Watoto wasichimbe na sururu, wao wapewe miche, kokoto, kumwagilia, na kila mtu avae viatu, yeboyebo na chepe havipatani. Kuwe na mtu mmoja mwenye sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa ya kutosha. Anzeni saa moja asubuhi, saa tano jua la Dar linawafukuza.

Chora umbo chini kwa majivu au chokaa siku moja kabla. Umbo la maharage linapendeza kuliko pembe nne, ila usihangaike sana na urembo. Ondoa majani na udongo wa juu sentimita 15, kwa mita 12 hizo ni kama toroli 30 hivi, na udongo ukichimbwa unavimba kwa hiyo utaona toroli zinazidi. Usiutupe. Ule udongo ndo unaweka tuta upande wa chini wa mtelemko, umbo la mwezi mchanga, mnalishindilia kwa miguu na kwa gogo, tabaka kwa tabaka huku mnanyunyizia maji kidogo. Tuta la kumwaga tu bila kushindilia ni sukari kwenye chai.

Kisha sakafu ya shimo. Hapa unachimbua tena sentimita 30 kwenda chini bila kutoa udongo, unaulegeza tu, unachanganya mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi usiweke, inaunguza miche na inanuka na mwalimu wa la pili atafunga madirisha. Mkishalegeza ni marufuku kutembea humo ndani, weka ubao wa kukanyagia. Vijana wa jogging hili lilikuwa gumu kwao, walikuwa wanaruka ruka humo wakipiga picha, ikabidi tulegeze tena.

Sasa levo. Sakafu ya bustani lazima iwe sawa mwanzo mpaka mwisho, ikilala upande mmoja maji yote yanakusanyika kona moja, hiyo kona inaoza na kona nyingine inakufa kwa kiu. Jicho linadanganya, hasa kwenye uwanja wenye mtelemko, kwa hiyo jaza ule mpira wa maji hakikisha hauna povu ndani, mmoja ashike huku mwingine kule, msawazishe.

Maji yanaingiaje. Gata kwenye bati, bomba la inchi 4 kushuka ukutani, af yakifika chini ama bomba lifukiwe mpaka kwenye bustani ama uchimbe mfereji mdogo wenye mawe. Sisi tulifanya mfereji wa mawe maana ni rahisi kusafisha na watoto wanapenda kuona maji yanakimbia. Pale yanapoingilia panga mawe makubwa kama mita moja hivi yapunguze kasi, la sivyo mvua ya kwanza inachimba handaki. Weka wavu mdomoni mwa bomba kuzuia majani.

Na maji yanatokaje, hapa ndo tulipofeli kabisa mara ya kwanza, hatukuweka mlango wa kutokea. Mvua kubwa itakuja tu, kama ile ya Desemba 2011 iliyofanya watu wa bondeni wahamishiwe Mabwepande, hakuna bustani ya mita 12 itakayobeba mvua ya namna ile na usimdanganye mtu. Kwa hiyo kwenye tuta acha sehemu moja iwe chini kidogo kuliko kwingine, sentimita 15 juu ya sakafu ya bustani, upana kama wa sentimita 50, uipange mawe ndani na nje, na ielekee kwenye mtaro uliopo. Sio kwa jirani! Ikijaa, maji ya ziada yanatoka hapo taratibu na tuta linabaki salama. Kabla ya kupanda mwaga mapipa mawili ya maji muone yanavyokaa. Rekebisheni hapo hapo watu wakiwa bado wapo na majembe mkononi.

Mimea

Watu wataleta waridi. Pokea, shukuru, kapande mbele ya ofisi. Humu ndani unahitaji mmea unaoweza mambo mawili yanayopingana, kuzama maji siku nzima na kukaa na kiu mwezi Januari na Februari.

Chini kwenye sakafu mfalme ni vetiva, yale majani marefu yanayopandwa kwenye kingo za barabara, mizizi yake inashuka mita tatu na zaidi wima bila kutambaa kwa hiyo haivamii kitu. Gawanya shina moja unapata miche mingi. Magimbi nayo yanapenda maji na watu wanayajua, ila kwenye mchanga kama wetu yalinyauka kiangazi, yaweke tu kama ardhi yenu inashika unyevu, na waambieni watoto yakitafunwa mabichi yanawasha mdomo balaa. Kwenye kingo zinazolala weka ukoka au zile nyasi za Pemba, unaleta vipande vipande vinashikana. Juu kwenye tuta ambapo maji hayafiki weka mchaichai na mshubiri. Mchaichai usiache, walimu wanakata kwa ajili ya chai na mmea ambao mwalimu anaukata kila asubuhi haukosi mtu wa kuumwagilia.

Nafasi nusu mita kwa nusu mita, kwa hiyo mita 12 ni kama miche 50. Mnyaa usipande hata kwa fensi, utomvu wake ukiingia machoni mwa mtoto ni hospitali. Magugu maji hata kama ua lake zuri usilete. Na mtu akikuletea mche asiojua jina lake, mwambie akaulize kwanza.

Kuhusu kufunika udongo, sisi tuliweka maranda ya fundi seremala, magunia matatu, yalipendeza kweli. Mvua ya kwanza yakaelea yote yakaenda kuziba pale pa kutokea maji. Maranda yanaelea, makapi yanaelea, makumbi ya nazi yanaelea. Weka kokoto karibu na mawe ya kuingilia na kwingine acha ukoka ufunike wenyewe.

Weka kafensi ka fito kwa miezi mitatu ya mwanzo. Adui namba moja sio ukame, ni kuku wa nyumba za jirani na mbuzi.

Mbu

Mbu kutoka yai mpaka kuruka anahitaji kama wiki moja hivi ya maji yaliyotulia, mara nyingi zaidi. Bustani ikimaliza maji ndani ya siku moja au mbili hawezi kumaliza masomo yake. Ndo maana ya kile kipimo cha rula. Waambie wazazi hivyo, na waonyeshe makopo, vifuu na tairi bovu nyuma ya jiko la shule, Dar tumepata dengue 2014 na 2019 na yule mbu wake anapenda hivyo vitu kuliko shimo linalokauka. Ila na wewe uwe mkweli, siku maji yakikaa zaidi ya siku mbili usitetee, nenda kaangalie. Mara nyingi ni tope limeziba juu, unalikwangua kwa reki na kuchokonoa na uma wa shamba au sururu, yanaanza kushuka.

Watu wakishaondoka

Wiki sita za mwanzo kama hakuna mvua mwagilia siku moja ndio siku moja hapana. Watoto wataweza muhula ukiwa unaendelea, kila darasa na siku yake, lakini bustani za shule zinafia likizo. Miche yetu ya mwanzo ile michache iliyobaki baada ya mafuriko ilifia likizo ya Juni. Kwa hiyo kabla hamjapanda hata mche mmoja muwe na majina ya likizo ya Desemba, nani wiki ya kwanza, nani ya pili, wazazi wanaokaa jirani sio wa mbali, na mlinzi awe kwenye hiyo orodha kwa makubaliano ya wazi, sio kumsukumizia. Sisi mlinzi wetu alikubali kwa sharti moja, apewe sehemu ya juu ya tuta apande matembele yake. Akapewa. Haijawahi kukosa maji tangu hapo.

Mwezi wa tisa kila mwaka panda juu usafishe magata kabla ya vuli. Masika ikiisha ondoa mchanga uliojikusanya kwenye mawe ya kuingilia, huwa ni toroli moja au mbili, usipoutoa bustani inajaa kidogo kidogo mpaka inakuwa kilima. Weka chupa ya maji iliyokatwa yenye rula pembeni, darasa la tano waandike mvua kila asubuhi na saa maji yalipokauka, utajua bustani inazeeka kabla hujaona kwa macho.

Vetiva mwaka wa pili ikate ibaki sentimita 30 hivi, majani yake mazuri kufunikia miche mingine. Ikinenepa sana ng'oa mashina ya pembeni uyagawe, sisi mwaka jana mashina kama arobaini yalikwenda kwa yule mama wa vitumbua, kapanda ukuta wake mzima wa upande wa shule.